Mabomba ya Breki Yafungwe Barabara

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, wananchi wake waliitwa kujenga viwanda kwa mikono yao. Maswa wakatoa chaki, Meatu wakatoa maziwa, na viwanja vya Nyakabindi mjini Bariadi vikapokea sherehe za kitaifa za Nane Nane miaka ya 2018, 2019 na 2020. Katika hali hiyo si ajabu kumwona kijana wa gereji akiokota ekseli ya gari chakavu, injini ya pikipiki na vipande vya chuma, akavichomelea hata vikawa gari.

Sisi tunampongeza kijana huyo. Nchi yetu ilianzisha kituo cha Nyumbu, Kibaha, mwaka 1985, kwa imani kwamba Mtanzania anaweza kuunda gari lake. Na mwaka 2022 Ndugu Masoud Kipanya alionyesha jijini Dar es Salaam gari la umeme alilolibuni. Kudharau juhudi kama hizo ni kasumba ya kikoloni.

Lakini pongezi zisitufumbe macho. Aghalabu muundaji hutumia miezi mingi kwa injini na bodi, kisha mabomba ya breki na ya mafuta huyamaliza jioni moja kwa waya wa kufungia nondo na vipande vya mpira wa baiskeli. Gari hutembea, watu hupiga makofi, na kiongozi hupanda kupigwa picha. Hakuna anayeinama kutazama chini.

Huko chini ndiko uhai wa abiria uliko. Breki za mafuta hufanya kazi kwa msukumo. Bomba lisiloshikiliwa hutikisika kila gari linapopita kwenye makorongo, nalo hulika polepole linapogusa chesisi, hadi siku dereva anapokanyaga kwa nguvu likapasuka. Bomba la petroli nalo, likilegea karibu na ekzosi, ni kiberiti kinachosubiri kuwashwa.

Dawa yake si ghali. Bomba gumu la breki lishikwe kwa vibanio vyenye mpira, takriban kila sentimita 30, wala lisining'inie chini ya chesisi ambako jiwe litaligonga. Linapopenya kwenye bati, tundu livikwe mpira ili ncha zisilikate. Shaba ya kawaida isitumike, kwani hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko. Litumike bomba lililotengenezwa kwa ajili ya breki. Kwenye magurudumu uwekwe mpira maalumu wa breki, kisha usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili kuhakikisha mpira huo hauvutwi wala hausuguliwi na tairi. Bomba la mafuta liwe mbali na ekzosi na nyaya za umeme, na mpira wake uwe wa petroli, si ule wa kumwagilia bustani, ambao petroli huulainisha na kuuvimbisha.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa wasidhani kwamba neno hili ni la watu wa nchi kavu tu. Mpira wa petroli uliolegea ndani ya mtumbwi wa injini hauna huruma kuliko ule wa garini, na katikati ya maji hapana pa kukimbilia. Isitoshe, tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, na kuua watu zaidi ya 220, hakuna mkazi wa visiwani asiyejua gharama ya chombo kuachwa kiondoke bila kukaguliwa ipasavyo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa serikali wa mkoa na wilaya. Njia mbili zilizozoeleka zote ni mbovu: kumshangilia mbunifu bila kumkagua, au kumnyang'anya gari lake na kumvunja moyo. Iko njia ya tatu. Walimu wa ufundi wa VETA, maofisa wa SIDO na wakaguzi wa magari wa Polisi wakutane naye gerejini mwake kabla hajachomelea bodi, wamwonyeshe palipo na kasoro, na wamrudie baadaye. Gari lisilopita ukaguzi libaki uwanjani, hata kama mgeni rasmi analisubiri.

Kwa upande wake, muundaji akumbuke kwamba atakayepanda ni mama anayekwenda sokoni na mtoto anayekwenda shule. Wao hawajui bomba limefungwaje. Wameweka amana mikononi mwake. Kumtegemea Mungu ni wajibu wa kila mja, lakini huja baada ya mtu kufunga alichopewa kukifunga.