Mpiga picha, kabla ya kamera ya pili nunua pa kuhifadhia picha

Leo naongea na wenye studio na wapiga picha wa harusi, mahafali na vipaimara. Najua kuna watakaonuna, ila acha niseme.

Ukizunguka hapa Kitaji, Nyasho mpaka barabara ya Mukendo, muulize mwenye studio yeyote mpango wake wa mwaka huu ni nini. Atakwambia kamera mpya, drone, taa za kisasa. Sasa muulize picha za harusi alizopiga mwaka juzi ziko wapi. Atafungua droo akutolee eksteno moja imefungwa raba, na memori kadi tatu hajui zina nini. Huo ndo mtaji wake wote wa miaka, uko ndani ya droo.

Sicheki mtu. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa na eksteno moja tu, kila kazi naimwaga humo. Siku moja mtoto akavuta waya, ikaanguka kutoka mezani mpaka kwenye sakafu. Ikawa inagonga "tik tik tik" na haifunguki. Fundi wa kwanza akashindwa, wa pili naye akasema haina uhai.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Bweri. Kijana wake nilimpiga picha kwenye mahafali, sasa amefariki. Akaniambia, "Mwanangu, naomba ile picha amevaa joho, tuiweke mbele ya jeneza." Nilikaa kimya. Tukaishia kuchukua ile aliyotumiwa WhatsApp, na WhatsApp inapunguza ukubwa wa picha. Tulipoikuza ikavunjikavunjika, sura kama imewekwa nyuma ya chandarua. Mama hakunilaumu hata kidogo. Alishukuru akaondoka. Bora angenitukana.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: mpiga picha asiye na hifadhi ya uhakika hajawa na biashara bado, ana kibarua tu. Kibarua unalipwa leo kinaisha. Biashara ni kuwa mteja anarudi baada ya miaka mitano anataka fremu, anataka albamu, anataka picha ya marehemu, na wewe unayo. Pale Zanzibar kuna Capital Art Studio, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Familia ilitunza picha za zamani, na hizohizo zikaja kuwa bidhaa ya kuuza. Kwetu huku, watu wanakwenda Mwitongo, Butiama, kuangalia picha za Mwalimu kwa sababu kuna mtu hakuzitupa.

Utaniambia, "Si niweke tu Google?" Twende kwenye hesabu. Picha moja ghafi ya kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25. Harusi moja ukipiga picha 2,000, hizo ni gigabaiti 50. Google Photos iliacha kutoa nafasi ya bure isiyo na kikomo tangu tarehe 1 Juni 2021. Sasa hivi bure ni gigabaiti 15, tena unagawana na barua pepe zako. Harusi moja tu haienei. Na ukilipia nafasi kubwa, bado kuna kupandisha. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 50 ni kama saa 22 mfululizo. Bando litalia, na umeme ukikatika katikati unasubiri upya.

Ndo maana mimi natetea hifadhi ya nyumbani. Kuna kiboksi kinaitwa NAS. Ndani kinaingia diski mbili, unakichomeka kwenye ruta kwa waya, basi. Laptopu yako, simu ya mkeo, kompyuta ya studio, zote zinaona picha zilezile bila kutumia bando. Kwa waya mzuri, zile gigabaiti 50 zinahama kwa kama dakika 8 mpaka 10. Kwa waifai itachukua muda zaidi. Diski mbili za terabaiti 4 ukizipanga ziandike kitu kilekile, unapata nafasi ya harusi kama 80, na diski moja ikifa nyingine inaendelea.

Ila sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wanateleza. Diski mbili ndani ya boksi moja SIYO nakala mbili salama. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kote. Na sisi wa kando ya Ziwa radi tunazijua. Kwa hiyo:

1. Kuwe na nakala tatu: kwenye kompyuta ya kazi, kwenye boksi, na kwenye eksteno inayokaa nje ya nyumba. Yangu inakaa kwa dada yangu Bunda, tunabadilishana kila mwezi.
2. Boksi likae kwenye UPS, ili umeme ukikatika ujizime taratibu bila kuharibu mafaili.
3. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa ruta pia.
4. Usichomeke flashi ya kila mteja hovyo. Virusi akiingia anafunga kila kitu.
5. Panga folda kwa mwaka, mwezi na jina la kazi. Picha usiyoipata ni sawa na iliyopotea.
6. Weka nywila. Picha ya mtu ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kubaliana na mteja utazitunza muda gani.

Hela je? Usikope. Weka pembeni 20,000 kwa kila kazi. Kazi 40 ni 800,000. Anza na eksteno mbili zenye nakala sawa, moja ikae kwa ndugu. Boksi litafuata. Kamera ya pili isubiri.

Kamera ikiharibika utaazima ya jirani. Picha ya kijana wa yule mama nitaiazima wapi?

Mtumie mpiga picha unayemjua. Leo usiku, kabla hujalala, nakili kazi yako ya mwisho sehemu ya pili.