Tudai Dawa Mpya: Wito kwa Watu wa Moiben

Ndugu zangu wa Moiben, mlioko Kimumu na Tembelio, Sergoit, Karuna/Meibeki na Moiben yenyewe: nawaomba tuungane kudai jambo moja. Serikali yetu itoe pesa, mwaka baada ya mwaka bila kukatiza, za kutafuta dawa mpya za kuua bakteria ambao dawa za sasa haziwawezi tena. Sheria ya kutoa pesa hizo ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuziulizia.

Nianze na ngano, maana hapo hakuna mkulima wa huku atakayehitaji maelezo mengi. Mwaka 1998 kutu ya shina ya aina mpya ilionekana Uganda, nayo ikaja kuitwa Ug99. Ilivunja kinga ambayo wakulima wa nchi nyingi walikuwa wakiitegemea, na baada ya muda mfupi ilikuwa imeingia Kenya. Dawa ya kupuliza ilisaidia mwenye uwezo wa kuinunua, tena kwa msimu mmoja mmoja. Kilichotuvusha ni utafiti. Kule Njoro, watafiti wa serikali walipanda maelfu ya aina za ngano zilizoletwa kutoka pande zote za dunia ili waone ipi itahimili. Na hapa kwetu Chepkoilel, katika Chuo Kikuu cha Eldoret, Profesa Miriam Kinyua na wenzake, wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walipitisha mbegu kwenye mnururisho, wakapanda, wakachagua, wakapanda tena, mpaka wakapata Eldo Ngano 1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2014. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na ililipiwa na pesa za umma. Wala haijaisha, kwa sababu kutu nayo inaendelea kubadilika.

Bakteria hubadilika kwa kasi kubwa kuliko kutu. Bakteria mmoja huweza kugawanyika na kuwa wawili kwa muda wa dakika 20 tu. Ng'ombe akiumwa kiwele, tunamdunga penstrep au oksitetrasaiklini kutoka agroveti. Mtoto akikohoa, tunanunua amoksisilini dukani, mara nyingi bila karatasi ya daktari, na wakati mwingine nusu dozi kwa kuwa pesa imefika hapo. Bakteria dhaifu hufa. Waliobaki huzaana, na kibaya zaidi, huweza kuwapa jirani zao, hata wa jamii nyingine, kipande cha jeni kinachowakinga. Kipande hicho hakijui mpaka kati ya zizi na wodi. Kinasafiri katika samadi, katika maji ya mto, katika maziwa yasiyochemshwa na katika mikono yetu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alituonya juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1945. Mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo ulikuwa mzito zaidi kusini mwa Sahara. Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga. Klebsiella, bakteria anayesababisha sumu ya damu kwa mtoto wa siku chache, anazidi kuzishinda dawa ambazo hospitali zetu huanza nazo. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na washirika wao wameipima fosfomisini kwa watoto wachanga. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini fosfomisini iligunduliwa mwaka 1969. Tumefika mahali ambapo tunapekua kabati la dawa za zamani tukitafuta kitu ambacho bakteria wamekisahau.

Wengine watauliza kwa nini kampuni kubwa za dawa zisifanye kazi hii. Jibu ni la kusikitisha, lakini ni rahisi kulielewa. Dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku kwa maisha yote. Antibiotiki mpya, ikiwa daktari ni mwangalifu, huwekwa akiba na kutolewa kwa siku chache tu, kwa mgonjwa aliyeshindikana. Mauzo yake ni madogo. Kampuni ya Achaogen ya Marekani iliidhinishiwa antibiotiki mpya, plazomisini, mwaka 2018. Mwaka uliofuata ilifilisika. Kwa hiyo Uingereza imeanza kulipa ada ya kila mwaka kwa ajili ya antibiotiki mpya, ziwe zimetumika sana au kidogo, jinsi tunavyowalipa wazima moto hata mwezi ambao hakuna nyumba iliyoungua. Soko limeshindwa, na pale linaposhindwa pesa ya umma ndiyo hubaki.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri pekee. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, taasisi ya umma, yalisaidia kuonyesha kuwa kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki, na faida yake imeenea dunia nzima. Rifampisini iliyowezesha tiba hiyo ilianzia kwa bakteria wa udongoni, kama streptomaisini kabla yake.

Udongo tunao, na miti tunayo. Gome la msokonoi, ambao wanasayansi huuita Warburgia ugandensis, limekuwa tiba ya kifua kwa vizazi vingi. Mwaka 1976 wanakemia walitangaza kemikali kutoka mti huo zinazowazuia viwavijeshi wasile, na baadaye wengine wakazipima dhidi ya kuvu na bakteria. Lakini kuua bakteria katika kisahani cha maabara ni hatua ya kwanza tu. Kemikali ile ile inaweza kuwa sumu kwa ini, au isifike kabisa kwenye damu. Kutoka kisahani hadi kidonge ni zaidi ya miaka 10, na ruzuku ya mwaka mmoja huishia kwenye tasnifu iliyofungiwa kabatini. Vijana wetu wanaosomea kemia Chepkoilel na Chuo Kikuu cha Moi wanaufahamu uchungu huo.

Pia tujifunze kutoka Ziwa Bogoria, ng'ambo ya bonde la Kerio. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kutoka maziwa yetu ya magadi. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo vikauzwa kwa viwanda vya nguo na sabuni, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likawa linadai mgawo wa Kenya. Nchi isiyogharamia utafiti wake huishia kudai mgawo baada ya wengine kuvuna.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na kusema upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Haujawahi kupata kiasi hicho hata mara moja. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Taarifa ya sera ya bajeti hutakiwa kufika Bungeni kila mwaka si baada ya Februari 15. Basi ombi letu liandikwe mapema, lipite katika vyama vya ushirika vya maziwa, makanisani, shuleni na katika mabaraza ya machifu, kisha mbunge wetu aliwasilishe akiwa na majina ya watu wa wadi zote tano. Lidai kwamba asilimia hiyo itekelezwe, kwamba sehemu yake itengewe bakteria sugu kwa miaka isiyopungua 10, na kwamba dawa yoyote itakayotokana na pesa hizo ifike hospitali za umma kwa bei ambayo mama wa Moiben anaweza kulipa. Walimu wa sayansi, tusaidieni kulieleza kwa Kikalenjin na kwa Kiswahili, ili anayetia sahihi ajue anachokidai.

Nasi tuna la kufanya tukisubiri. Dawa ya ng'ombe itolewe na daktari wa mifugo, na maziwa yasipelekwe ushirika kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Dozi ya mtoto imalizwe kama ilivyoandikwa. Kila dawa tunayoinusuru leo inawapa watafiti muda.

Wenyeviti wa vyama vya ushirika, nawaomba jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano wenu ujao na liandikwe katika kumbukumbu. Na kila anayekuja kuomba kura zetu Agosti 2027 aulizwe hadharani ikiwa ataipigania asilimia 2 au la, na jibu lake liandikwe pia.