MUZIKI WA GEMU: MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI

Kuna watu wanaitwa wezi kwa miaka mingi sasa, na leo nimeamua kuwatetea. Hawajachota hela Benki Kuu. Hawajasaini mkataba wa umeme hewa. Kosa lao ni hili: wanachukua wimbo wa dakika mbili, wanaukata kwa uangalifu, wanaunganisha mwisho wake na mwanzo ili uzunguke bila kukatika, kisha wanawapa wenzao bure wauweke ndani ya gemu. Basi. Hiyo ndiyo dhambi yote.

Najua baadhi yenu mtasema huyu kakosa la kuandika, nchi ina matatizo chungu nzima yeye anaongelea gemu. Subirini kidogo. Habari hii inahusu hakimiliki, inahusu kumbukumbu, na inahusu swali moja gumu: nani aruhusiwe kutunza kitu ambacho mwenye nacho hakitunzi? Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kanda ya zamani asiipate popote anajua swali hilo si la watoto.

Tuanze na kitu chenyewe. Anayetunga muziki wa filamu anajua tukio litachukua sekunde arobaini, anaandika muziki wa sekunde arobaini. Anayetunga muziki wa gemu hajui lolote. Mchezaji mmoja atamaliza hatua kwa dakika mbili, mwingine atakwama nusu saa, wa tatu ataacha mashine inawaka aende kula ugali. Mpiga ngoma wa harusini anaielewa hali hii vizuri. Hajui bibi harusi atatoka saa ngapi, kwa hiyo anashika mdundo na kuuzungusha mpaka mlango ufunguke. Gemu ya Space Invaders ya mwaka 1978 ilifanya hivyo hivyo: noti nne tu, zinarudiwa na kurudiwa, zikizidi kasi kadiri maadui wanavyopungua na kukimbia zaidi. Muziki wa gemu ulizaliwa ukizunguka.

Sasa usidhani kutengeneza mzunguko huo ni kubonyeza kitufe. Sauti yenye ubora wa CD hukatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde moja. Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika. Kila fungu la mapigo manne ni sekunde 2, sawa na vipande 88,200. Mafungu 32 ni sekunde 64, yaani vipande 2,822,400. Fundi lazima ajue kipande gani hasa wimbo urudi, na urudi wapi. Akikosea kidogo tu, sikio linasikia "tak!", au mdundo unajikwaa kama mlevi kwenye ngazi.

Na kuna mitego. Nyimbo nyingi zina utangulizi unaotakiwa kusikika mara moja tu, kwa hiyo mzunguko haurudi mwanzo kabisa, unarudi baada ya utangulizi. Kuna mwangwi: ukikata pale wimbo unapoishia, mwangwi wa ala za mwisho unakufa ghafla, na kila mtu anasikia kwamba kuna kitu kimekatwa. Mafundi wazuri wanauacha wimbo upite raundi ya kwanza, wanachukua mzunguko kwenye raundi ya pili, ambapo mwangwi wa raundi iliyopita tayari umo. Kuna MP3, ambayo huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, ndiyo maana haifai kwa kazi hii. Wanaotengeneza gemu kwa RPG Maker hutumia OGG na kuandika ndani yake maneno mawili, LOOPSTART na LOOPLENGTH, yanayoiambia gemu irudi wapi na izunguke kwa urefu gani.

Mfano ninaoupenda ni Super Smash Bros. Brawl, gemu ya mashine ya Wii iliyotoka mwaka 2008. Nintendo waliwaita watunzi zaidi ya 30 wapange upya nyimbo za gemu zao za zamani, na wakamruhusu mchezaji kuchagua wimbo upi usikike zaidi kwenye uwanja upi. Nyimbo hizo zilihifadhiwa kwenye faili aina ya BRSTM, ambayo inabeba sauti pamoja na namba za mahali pa kuzungukia. Vijana wakaifungua, wakaielewa, wakaandika programu za kutengeneza faili kama hizo wao wenyewe. Baada ya hapo mchezaji akaweza kupigana huku akisikiliza wimbo wowote duniani, nao ukazunguka utadhani uliwekwa na kampuni.

Wengine wakarudi nyuma zaidi. Super Nintendo, mashine ya miaka ya 1990, ilikuwa na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64 tu. Kwa ubora wa CD, dakika moja inakula zaidi ya megabaiti 10. Pigeni hesabu: kilobaiti 64 zisingetosha hata nusu sekunde! Watunzi wa wakati ule walifanya maajabu ndani ya kibaba hicho. Miaka mingi baadaye wapenzi wa mashine hiyo wakabuni kitu kinaitwa MSU-1, kinachoiwezesha gemu ya Super Nintendo kupiga sauti ya ubora wa CD. Faili yake inaanza na baiti nane tu za maelezo: nne ni jina lake, nne ni namba ya mahali pa kurudia. Leo mtu anaweza kucheza The Legend of Zelda ya mwaka 1991 huku okestra nzima inapiga. Hakuna kampuni iliyomlipa aliyefanya hivyo. Alifanya kwa mapenzi.

Haya, kampuni zimejibuje?

Mwishoni mwa Januari 2022 chaneli moja maarufu ya YouTube, GilvaSunner, ilipata zuio zaidi ya 1,300 kutoka Nintendo kwa mpigo. Mwanzoni mwa Februari ikafungwa. Chaneli hiyo ilikuwa ya kusikiliza muziki tu, haikugawa faili za kuweka ndani ya gemu. Lakini rungu ni lile lile na sababu ni ile ile. Anayetengeneza faili ya mzunguko naye anaishi chini ya rungu hilo, kwa sababu naye anagusa wimbo usio wake.

Kisheria, Nintendo wana haki. Nalisema wazi ili mtu asinisingizie. Wimbo ni mali yao, na sheria za hakimiliki, kuanzia za kwao Japan mpaka yetu hapa Tanzania ya mwaka 1999, zinawapa mamlaka hayo. Ila kuwa na haki ya kufunga mlango si sawa na kuwa na busara ya kuufunga. Mwaka ule 2022, mtu aliyetaka kulipia kihalali muziki mwingi wa Nintendo angeulipia wapi? Kulikuwa na CD chache, nyingi zikiuzwa Japan. Kwenye huduma kubwa za kusikiliza muziki mtandaoni, sehemu kubwa ya nyimbo hizo haikuwepo. Muuzaji amefunga duka, halafu anamkamata anayepiga mluzi wimbo wa dukani.

Na sisemi duka kwa mafumbo tu. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa kabisa Januari 2019. Muziki wake, ule wa kuchangamka uliokuwa unazunguka wakati unapekua bidhaa, unapendwa mpaka leo. Mlango ulipofungwa ulibaki kwa nani? Kwa hao hao mnaowaita wezi. Machi 2023 Nintendo wakafunga pia maduka ya 3DS na Wii U. Mwezi Julai mwaka huo, utafiti wa Video Game History Foundation na Software Preservation Network ukaonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazikuwa sokoni tena. Asilimia 87! Tukiwasubiri wenye mali watutunzie, tutasubiri sana.

Halafu ikaja vichekesho. Oktoba 2024 Nintendo wakatoa programu yao, Nintendo Music, kwa wale wanaolipia usajili wa huduma yao ya mtandaoni. Mojawapo ya mambo waliyoyatangaza kwa mbwembwe ni kwamba baadhi ya nyimbo unaweza kuzirefusha zizunguke hadi dakika 60. Jamani! Kitu kile kile ambacho vijana walikuwa wanakifanya bure kwa miaka mingi na kuitwa wahalifu, sasa ni sababu ya wewe kutoa hela. Na programu hiyo ilipotoka haikuonyesha majina ya watunzi wa nyimbo. Mtu anayesema analinda jasho la msanii, jina la msanii kaliacha wapi?

Najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa. Wewe mwandishi wa Bongo, uliyeona wasanii wetu wanavyoibiwa, unaweza vipi kutetea watu wanaochukua nyimbo bila ruhusa? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba tutazame nani anapoteza nini. Anayechoma CD za msanii na kuziuza mtaani anauza badala ya msanii. Kila shilingi inayoingia mfukoni mwake imetoka mfukoni mwa mwenye wimbo. Anayetengeneza faili ya mzunguko na kuigawa bure hauzi chochote, na mara nyingi faili yake haina maana mpaka uwe na gemu yenyewe. Anaipa gemu ya mwaka 2008 sababu ya kuchezwa leo. Hayo ni matangazo ya bure, na kampuni yangeyagharimu pesa nyingi.

Wapo wanaovuka mstari, sikatai. Anayechukua wimbo wa mtu, akauweka na matangazo ya biashara na kuvuna hela, huyo simtetei hata kidogo. Anayefuta jina la mtunzi naye simtetei. Kama msanii mchanga asiye na kampuni nyuma yake ameomba wimbo wake usiguswe, usiguswe. Lakini kuwaweka hao kapu moja na kijana anayehesabu vipande milioni mbili usiku kucha ili wimbo mmoja usikatike ni uvivu wa kufikiri.

Tena njia nyingine ipo na imeshajaribiwa. Sega walipotaka kutoa Sonic Mania mwaka 2017, walimpa kazi Christian Whitehead, aliyejulikana kwanza kwa kuchezea gemu za Sonic kama shabiki. Muziki wakampa Tee Lopes, aliyejulikana kwa kupanga upya nyimbo za Sonic na kuziweka YouTube. Gemu ikapokewa vizuri kuliko gemu nyingi za Sonic za miaka ya karibuni. Waliokuwa nje ya uzio waliingizwa ndani na kupewa funguo, na nyumba haikuungua.

Na kwa wale mnaosema muziki wa gemu ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, niwakumbushe kitu. Wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu ukashinda Grammy, mwaka 2011, ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliotengenezwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005. Maneno yake ni Kiswahili, ni Sala ya Bwana. Kwaya duniani kote zinauimba, nyingi kati yake zikiwa na waimbaji wasiojua gemu hiyo inachezwaje. Wimbo ulitoka nje ya gemu, ukatembea, na mwenyewe akapata heshima zaidi. Muziki ukiachwa utembee unarudi nyumbani na zawadi.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu, na hayana ugumu wowote. Kwanza, kampuni isiyouza wimbo isimwandame anayeutunza bure. Pili, zitoke ruhusa za wazi kwa kazi za mashabiki zisizo za biashara, zenye masharti mtu anayoweza kuyasoma kwa dakika tano bila kumwita wakili. Tatu, popote wimbo unapowekwa, iwe na kampuni au na shabiki, jina la mtunzi liwepo.

Kama mwenye mali hataki hata hayo matatu, basi aache kutuambia anatetea sanaa. Aseme tu anatetea kufuli. Hapo tutaelewana.