Brussels Wakati wa Machipuko

Msafiri afikaye Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, mwezi wa Aprili achukue koti, kwani jua huangaza bila kuchoma na mvua hunyesha ghafula.

Kwanza na aende Laeken, ambako mabanda ya vioo ya mfalme, yenye maua tele, hufunguliwa kwa umma majuma machache tu kila mwaka. Kisha apande tramu ipitayo msituni hadi Tervuren, penye Jumba la Makumbusho ya Afrika, lifungwalo Jumatatu.

Jirani, kando ya kanisa, yapo makaburi ya Wakongo saba walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa watazamaji, wakafa ugenini kwa maradhi. Majina yao yamechongwa. Watoto na wasomewe.