Rangi ya Nyumba Itoke Shambani



Mara nyingi gazeti la wakulima huzungumza juu ya mbolea, ng'ombe wa maziwa na malipo ya mikopo. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya chumba cha kukaa na chumba cha kulala. Huenda wengine watacheka na kusema kwamba mapazia si kazi ya gazeti kama hili. Lakini pesa zinazonunua mapazia zatoka wapi? Zatoka shambani. Pesa za shamba zikitumiwa ovyo sebuleni, shamba ndilo litakaloumia msimu ujao.

Maoni yetu ni haya: mkulima asiende dukani kutafuta rangi ya nyumba yake. Aende dukani akiwa anaijua tayari, kwa sababu ameiona kwake: katika udongo wake, katika mimea yake, na katika nguo zilizomo ndani ya sanduku la mama.

DUKANI KAMAKIS

Wengi wetu twapajua Kamakis, pale Ruiru kwenye barabara ya Eastern Bypass. Mahali hapo pana sifa ya nyama choma, na mtu aliyetoka kuuza mboga au maziwa hupenda kushuka hapo akapumzika. Akiisha kula, hutembea kidogo kando ya barabara. Huona makochi yamepangwa nje, huona makopo ya rangi, huona vitambaa vya mapazia vinavyong'aa chini ya taa. Pesa zimo mfukoni. Mwenye duka ni mtu wa adabu na maneno yake ni matamu.

Hatumlaumu mwenye duka. Kazi yake ni kuuza. Lakini yeye hajaiona nyumba yako. Hajui kama dirisha lako ni dogo au kubwa, kama latazama mashariki au magharibi, kama watoto huingia na matope, au kama jiko li karibu. Atakuonyesha kile kinachonunuliwa na watu wa nyumba za ghorofa za mjini. Siku hizi kitu hicho mara nyingi ni kijivu: makochi ya kijivu, zulia la kijivu, mapazia ya kijivu, na ukuta wa kijivu pia.

Kijivu si rangi mbaya. Katika nyumba ya ghorofa yenye madirisha makubwa ya vioo, kijivu hutuliza macho. Lakini sisi wa Thika, Ruiru, Gatundu na Kinangop twajua hali ya mwezi wa Julai. Mawingu hushuka, manyunyu huanguka, na jua huweza kukosekana siku nzima. Mtu anayeingia wakati huo katika chumba kidogo chenye kuta za kijivu na pazia la kijivu huona baridi ya nje imemfuata ndani. Na mtoto anayesoma humo hulazimika kuwasha taa mchana.

JE, NI ANASA?

Wako wazee wanaosema kwamba mapambo ya nyumba ni anasa, na kwamba mtu mwenye deni la shamba hana haki ya kufikiria rangi. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kununua makochi mapya kabla ya mbolea ni ujinga. Lakini si kweli kwamba chumba ni kitu kisicho na maana.

Tukumbuke jinsi skimu zetu zilivyoanza. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, watu walitoka wilaya mbalimbali wakaja kukaa katika nchi ambayo hawakuzaliwa. Jirani hakumjua jirani. Kila mtu alipewa namba ya shamba, na mashamba yakafanana kama mahindi katika mstari. Ni nini kilichoigeuza namba kuwa nyumbani? Shamba lilileta chakula. Lakini chumba ndicho kilichosema, "Hapa wanakaa watu fulani." Kiti cha babu, kiondo cha mama ukutani, kitambaa kilichoshonwa kwa mkono juu ya meza. Nyumba isiyo na alama ya wenyewe hufanana na kambi, na watoto waliolelewa kambini hawaoni sababu ya kurudi.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mashamba mengi ya kahawa ya upande wa Ruiru yamegeuzwa kuwa mitaa ya nyumba. Kijana aona nyumba za mtaani, kisha aona ya baba yake, akaona haya. Tukitaka kijana asione haya, dawa si kuiga mtaa. Dawa ni kuwa na nyumba safi, yenye mwanga, na yenye kujijua.

TAZAMA SHAMBA LAKO

Basi rangi zapatikana wapi? Toka nje asubuhi, umande ukingali kwenye majani, ukatazame.

Mkahawa peke yake una rangi za kutosha vyumba viwili. Jani lake ni kijani kilichokolea chenye kung'aa. Ua lake ni jeupe. Tunda huanza kijani, likageuka manjano kidogo, likaiva jekundu, na mbuni iliyokaushwa ina rangi ya majani makavu. Wenye Ruiru 11, ile aina iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, huzitazama rangi hizo kila siku ili wajue wakati wa kuchuma. Macho yanayoweza kutenga tunda lililoiva na lisiloiva hayawezi kushindwa kuchagua kitambaa.

Mwenye mananasi ana kijani chenye kijivu ndani yake, pamoja na manjano ya nanasi lililoiva. Mwenye mkonge ana nyuzi zenye rangi ya maziwa. Mwezi wa Oktoba mijakaranda humwaga maua ya zambarau barabarani. Na wageni pia waliziona rangi za nchi hii: Elspeth Huxley alipoandika kitabu chake cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika, alikipa jina la miti yenye maua mekundu kama moto.

Halafu tazama chini. Udongo wetu mwingi ni mwekundu, na sehemu za Juja ni mweusi. Hiyo ndiyo rangi itakayoingia nyumbani mwako kila siku, upende usipende, kwa viatu vya watoto na kwa vumbi la barabara. Mtu anayenunua zulia jeupe katika nchi ya udongo mwekundu amejinunulia kazi ya kufua. Lakini anayechagua mkeka au zulia la rangi ya matofali, au la hudhurungi, amefanya mapatano na udongo wake.

Wazee waliopaka shule na ofisi zetu walilijua jambo hili. Walipaka sehemu ya chini ya ukuta, mpaka kimo cha kiuno, kwa rangi iliyokolea, na sehemu ya juu kwa rangi ya maziwa. Chini palificha matope na alama za mikono, juu palileta mwanga. Hata leo hakuna njia bora kwa nyumba yenye watoto.

UKUTA MWEUPE, KITAMBAA CHENYE RANGI

Ndugu zetu wa pwani wana somo jingine la kutufaa. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na ndani ya kuta mlichongwa vidaka vya kuwekea vyombo. Vyumba vile vilikuwa virefu na vyembamba, na mwanga wake ulikuwa mdogo. Kuta nyeupe ziliusambaza mwanga huo. Rangi zililetwa na vitu vinavyoweza kuondolewa: mikeka, nguo, na sahani zilizotoka ng'ambo.

Hii ni akili kubwa, tena haina gharama nyingi. Kupaka ukuta upya kwahitaji fundi na makopo ya rangi. Kubadili foronya au kitambaa cha meza kwahitaji sabuni na sindano. Kwa hivyo ukuta uwe wa rangi nyepesi, nyeupe au ya maziwa, na furaha ya rangi iletwe na vitambaa. Ukichoka na kitambaa, hukuharibu nyumba.

Chagua kitambaa kwanza, rangi ya ukuta baadaye. Watu wengi hufanya kinyume, kisha huzunguka madukani wakitafuta kitambaa kitakachopatana na ukuta. Kitambaa kizuri kina rangi tatu au nne ndani yake, na mfumaji amekwisha kuzipatanisha. Ile iliyo nyepesi kuliko zote ipe ukuta. Ile ya pili ipe mapazia na vitambaa vya makochi. Ile kali, nyekundu au manjano, itumie kidogo tu: mto mmoja au miwili, au ukingo wa kitambaa cha meza. Mafundi wa mapambo husema sehemu sita kwa kumi ziwe za rangi kuu, tatu za rangi ya pili, na moja ya rangi kali. Mpishi aelewa: chumvi ni ya lazima, lakini haijazi sufuria.

Na kitambaa hicho si lazima kitoke mbali. Kanga ina pindo, mji na maneno yake, na kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, ni maarufu kwa kanga zake. Kikoi kina mistari iliyo tayari kukuongoza. Kitenge kina nguvu, kwa hivyo kifanye cha mto, si cha chumba kizima. Na Thika kwenyewe kiwanda cha Thika Cloth Mills kilianzishwa mwaka 1958. Pamba ni zao la wakulima kama sisi. Shilingi inayonunua kitambaa cha pamba kilichofumwa nchini huweza kurudi kwa mkulima mwenzetu.

Tusisahau kazi ya mikono. Akina mama hukutana katika vikundi na kushona vitambaa vya makochi kwa uzi na sindano ya kroshia. Mara nyingi vitambaa hivyo huwa vyeupe tu. Kwa nini visiwe na ukingo wa kijani cha jani la mkahawa? Na ciondo za mkonge zenye mistari ya hudhurungi na nyeusi, wanazosuka akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba, zimepamba nyumba za Ulaya na Marekani. Haifai zikose mahali katika nyumba za waliozisuka.

KABLA YA KULIPA

Mtu akiisha kuchagua moyoni, na ashike mambo haya:

1. Kipeleke kitambaa nje ya duka ukitazame juani. Taa za duka hudanganya, na jioni hudanganya zaidi.

2. Lowesha pembe ya kitambaa cheupe, ukisugue juu ya kile unachotaka kununua. Rangi ikitoka, kitachujuka na kuharibu nguo nyingine.

3. Pima dirisha nyumbani, usikisie dukani. Dirisha la upana wa mita 1.2, lenye pazia la kushuka mita 1.5, lahitaji vipande viwili vya mita 1.7 kila kimoja pamoja na pindo. Kitambaa kikiwa na upana wa mita 1.5, utanunua mita 3.4, basi. Dirisha dogo la chumba cha kulala, lisilofika mita moja kwa kimo, hutoshwa na doti moja ya kanga, na maneno yakabaki yanasomeka.

4. Kabla ya kupaka chumba, paka ubao mmoja. Uusimamishe ukutani, uutazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Rangi moja huwa na sura tatu.

5. Nunua kopo la rangi lenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Rangi ya zamani usiikwangue watoto wakiwa karibu, kwa maana huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

6. Pazia lolote likae mbali na jiko.

BABA NA MAMA WAKAE PAMOJA

Liko neno moja la mwisho, nalo ni zito kuliko rangi. Katika nyumba nyingi malipo ya mazao huingia kwa jina la baba, na baba hushuka Kamakis peke yake akarudi na makochi juu ya gari. Mama, aliyepalilia na kuchuma, aambiwa, "Tazama nilichokuletea." Labda ni kizuri, lakini hakuulizwa. Yeye ndiye atakayekifua, atakayekipangusa, na atakayekaa nacho mchana kutwa.

Twasema hivi bila kuogopa: pesa zilizotafutwa na mikono minne zisitumiwe na miwili. Kabla ya safari ya dukani, baba na mama wakae katika chumba chenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi. Watoe nguo zilizomo sandukuni. Walete jani moja la shambani na donge la udongo, waviweke juu ya meza. Wawaulize watoto nao. Wapatane rangi tatu, waandike vipimo na kiasi cha pesa, kisha karatasi hiyo ndiyo iende Kamakis. Mwenye duka akisema kwamba watu wote sasa wanunua kitu kingine, jibu liwe la adabu: watu wote hawakai katika chumba hiki.

Haya basi, ndugu wakulima. Mbolea kwanza, karo ya shule kwanza, na deni lilipwe kwa wakati wake. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo, kitumieni kwa macho yenu wenyewe.