Baiskeli ni nzuri kwa afya, ila isizibe njia

Wiki chache zilizopita nilimpokea mama wa miaka 71 aliyevunjika nyonga. Hakugongwa na gari. Alikuta baiskeli na pikipiki zimeegeshwa na kuziba njia yote ya waenda kwa miguu, akashuka barabarani kuzizunguka. Alipotaka kupanda tena, akajikwaa kwenye ukingo. Ana kisukari cha miaka mingi na nyayo zake zina ganzi, hivyo hakuhisi vizuri alipokanyaga.

Sisi madaktari tunahimiza baiskeli. Inaimarisha moyo, inasaidia kudhibiti sukari na shinikizo la damu, na haitoi moshi unaowasumbua watoto wenye pumu. Lakini faida ya anayeiendesha isiwe hasara ya anayetembea.

Tatizo hili si letu peke yetu. Paris ilipokea skuta za umeme za kukodi mwaka 2018. Mtu alizichukua kwa simu na kuziacha popote alipofika. Mwaka 2019 jiji lilikataza kuziegesha kwenye njia za miguu, kwa faini ya euro 35, lakini malalamiko hayakuisha. Aprili 2, 2023 ilipigwa kura, na asilimia 89 ya waliopiga walizikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya walioandikishwa. Septemba mwaka huo zilikuwa zimeondolewa. Kigali, kwa upande mwingine, ilianza baiskeli za pamoja mwaka 2021 kwa kujenga vituo vya kuzichukulia na kuzirudishia. Somo ni kwamba faini peke yake haitoshi. Panga kwanza mahali pa kuegesha.

Nani anaumia njia ikizibwa? Kiti mwendo kinahitaji upenyo wa angalau sentimita 90. Asiyeona hupapasa chini kwa fimbo nyeupe, hivyo usukani uliochomoza juu humgonga kabla hajaugundua. Mtoto mdogo anayetokea katikati ya pikipiki zilizosimama haonekani na dereva mpaka awe tayari barabarani.

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataka barabara zifikike na wote. Kwa hiyo njia iliyo wazi ni haki, si hisani.

Halmashauri zitenge maegesho ya baiskeli na bodaboda nje ya njia ya miguu. Nafasi ya gari moja hutosha baiskeli zipatazo kumi. Kuwafukuza vijana bila kuwapa pa kusimama hakusaidii. Kesho watarudi palepale.

Nawe unayeegesha, acha wazi mteremko wa kiti mwendo, kivuko, kituo cha daladala na mlango wa zahanati. Mzazi, mshike mtoto mkono, naye awe upande wa mbali na magari. Mwenye kisukari, vaa viatu vilivyofunika na ukague nyayo kila siku. Mkikuta njia imezibwa kila mara, pelekeni suala hilo kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mgonjwa wangu sasa anajifunza kutembea kwa fremu, ambayo inahitaji nafasi zaidi kuliko miguu yake miwili. Juzi aliniuliza, "Daktari, nikirudi nyumbani nitapita wapi?" Dawa ya swali hilo haiko hospitalini.