Maoni Yetu: Asipewe Nusu ya Tiba

Ipole, pale barabara ya kutoka Tabora inapogawanyika, moja ya Mpanda na nyingine ya Rungwa, wengi tunamjua kijana wa namna hii. Malipo ya tumbaku yakitoka, siku tatu hafumbi jicho. Anaongea bila kituo, anauza baiskeli kwa bei ya kutupa, anawanunulia gongo watu asiowajua. Wiki chache baadaye amejikunja nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, hataki ugali wala maji. Wapita njia wanasema pombe imemharibu. Wengine wanasema karogwa.

Hizo zaweza kuwa dalili za baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno kisha kuporomoka. Uraibu ni ugonjwa wa pili, na mara nyingi huandamana na huo wa kwanza: utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1990 uliona zaidi ya nusu ya wenye baipola waliwahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya. Gongo humlaza mgonjwa saa chache, kisha humwamsha usiku wa manane. Na mtu huyu akikosa usingizi, ndipo anapopaa tena.

Tunakosea tunapomgawa mtu mmoja. Huku anaambiwa aache pombe kwanza ndipo atibiwe. Kule anaambiwa vidonge navyo ni ulevi. Anarudi mikono mitupu, ndugu wanamfungia chumbani mpaka pombe imtoke. Jamani, msifanye hivyo! Anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Aachishwe akiwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, na mkulima hana nauli ya kwenda huko kila mwezi. Kabamazepini, mojawapo ya dawa za kutuliza baipola, ndiyo hiyohiyo wanayopewa wenye kifafa. Halmashauri yetu ya Sikonge ihakikishe inapatikana karibu, pamoja na mhudumu atakayeuliza yote mawili: umelala saa ngapi, umekunywa nini? Na mama au mke aliyemsindikiza asiachwe nje ya mlango. Yeye ndiye wa kwanza kuona usingizi umepungua.

Yote haya yawe tayari kabla ya malipo ya tumbaku yajayo.